Muulize Mtoto: Umejuaje?

Jioni ya leo naomba umwite mtoto mmoja wa nyumbani kwako, wa Darasa la Tatu au la Nne, akusomee maneno haya machache:

Asha alifika nyumbani miguu imejaa tope na madaftari yamelowa. Mama akautazama mwamvuli uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango, akatikisa kichwa.

Akimaliza, muulize: nani alifika nyumbani? Atajibu upesi kwamba ni Asha. Sasa muulize mengine. Je, mvua ilinyesha? Asha aliondoka na mwamvuli? Mama alifurahi, au lipo jambo lililomuudhi?

Huenda ukamwona anarudi kwenye karatasi, anapitisha kidole, analitafuta neno "mvua". Halioni. Anakutazama na kukwambia, "Haijaandikwa."

Anasema kweli, haijaandikwa. Lakini imo. Imo kwenye tope, kwenye madaftari, na kwenye ule mwamvuli uliobaki nyumbani. Kuwasaidia watoto wetu waione mvua hiyo ndiyo kazi ninayowaombeni tuishike pamoja.

Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kulitamka neno "uwajibikaji" bila kukwama, na asijue kama ni mnyama au ni chakula. Ni neema kubwa, maana watoto wetu huanza kusoma mapema. Ila neema hii hutusahaulisha jambo moja. Tunamsikia mtoto akiteremka ukurasa kwa sauti safi, tunafurahi, tunampigia makofi, kisha tunamwambia akalale. Je, nani kati yetu humuuliza alichoelewa?

Waliopita madrasa wanalijua jambo hili vizuri. Mtoto huweza kusoma juzuu nzima kwa sauti tamu, na bado akahitaji kuketi kwenye darsa la tafsiri ili ajue alichokisoma. Hatumlaumu, kwa kuwa twajua kuna hatua ya kwanza na hatua ya pili. Kusoma kwa shuleni nako kuna hatua hizo mbili.

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umetilia mkazo KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini mtoto akipanda Darasa la Tatu, masomo huongezeka, na sasa anatakiwa asome ili ajue mambo. Hata hesabu humtaka aelewe anachosoma. "Juma alikuwa na machungwa 24, jioni akabakiwa na 9. Aliuza mangapi?" Hapo hakuna alama ya kutoa. Mtoto lazima aing'amue mwenyewe kutoka kwenye neno "akabakiwa". Wangapi kati yetu tulizikimbia hesabu za mafumbo, kumbe hesabu tulikuwa tunaijua, fumbo ndilo lililotushinda?

Tazameni na mfano huu. "Mama alichukua mbuzi, akaketi juu yake, akaanza kukuna." Mtoto wa Tanga au Unguja atawaza mbuzi ya kukunia nazi papo hapo. Mtoto aliyekulia mahali pasipo na minazi anaweza kumhurumia mnyama! Herufi wamezisoma zile zile. Aliyeelewa ni yule aliyewahi kukaa jikoni na kuona. Kwa hiyo mzazi, ukimpeleka mtoto sokoni, shambani au kwenye karakana, ukamwonyesha vitu na kumtajia majina yake, tayari umekwisha kumfundisha kusoma, hata kama hukubeba kitabu.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu waliifanya kila usiku. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Watoto hupaza sauti: yai! Mara nyingi sisi huishia hapo. Ninaomba tuongeze swali moja dogo tu: umejuaje?

Mtoto atafikiri, kisha atakwambia: yai limezibwa pande zote, halina pa kuingilia, na ndani mna kitu kinachokaa. Hapo amekupa jibu pamoja na ushahidi wake. Kesho akikutana na Asha na tope lake, akili yake itakuwa imekwisha kuzoea kutafuta dalili.

Umejuaje? Swali hili halina gharama. Liulize kwa sauti ya kutaka kujua, lisifanane na la askari. Akijibu vibaya, usimcheke wala usimkatize. Mwambie, "Hebu turudi, tusome tena hapa." Akijibu sawa, muulize vilevile, ili asidhani kwamba swali hilo huja pale anapokosea tu.

Labda unasema: mimi sikusoma, nitamsaidiaje? Ndugu yangu, nafasi unayo. Mtoto asome kwa sauti, wewe sikiliza, kisha mwambie akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kigogo au Kihaya? Akusimulie kwa lugha hiyo. Aliyeelewa hadithi ataweza kuisimulia kwa lugha yoyote aliyonayo, na ukiona anarukaruka, hapo ndipo pa kumrudisha.

Bibi na babu, ninyi ndio mabingwa wa kazi hii. Mnapowasimulia watoto visa vya Sungura na Fisi, simameni kidogo katikati. Unadhani Sungura atafanya nini sasa? Kwa nini amemsifu Fisi leo, wakati jana walikuwa wakigombana? Mtoto anayeweza kuunusa ujanja wa Sungura kabla haujatajwa ataelewa mengi akiwa peke yake na kitabu.

Na usingoje kitabu. Karatasi ya gazeti iliyofungia maandazi ina habari. Pakiti ya mbegu ina maelezo, na chupa ya dawa ya mifugo imeandikwa "weka mbali na watoto". Muulize: kwa nini wameandika hivi? Wewe mwenye duka, mtoto akitumwa na orodha ya vitu, mwache akusomee mwenyewe. Ukiona unga wa ngano, hamira na mafuta, mtanie kidogo: nyumbani leo wanapika nini? Hilo nalo ni somo, na halichukui hata dakika mbili.

Walimu wetu, najua madarasa yamejaa na vitabu wakati mwingine havitoshi. Huwezi kumuuliza kila mtoto. Waweke wawili wawili, wasomeane na kuulizana. Kila baada ya maswali ya "nani" na "wapi", ongeza moja la "kwa nini". Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo moja hadi tano kabla ya kumchagua wa kujibu, ili na wale wanaofikiri polepole wapate nafasi. Majibu mawili yakitofautiana na yote yana ushahidi kutoka kwenye kifungu, wasifu wote wawili.

Wazee watakumbuka kwamba jambo hili la kusoma kwa kuelewa tuliwahi kulifanya kwa pamoja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakanyanyuka na kwenda kuchimba vyoo. Hakukuwa na haja ya mtihani wa kujua nani ameelewa. Vyoo vyenyewe vilikuwa majibu.

Nasi leo tunasoma sana, tena kwenye simu. Nani asiyeujua ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela nitumie kwenye namba hii"? Anayeelewa anachosoma hujiuliza mara moja: hela ipi? Ni nani huyu? Kwa nini hajataja jina langu? Mtoto tunayemzoesha leo kutafuta dalili kwenye hadithi ya Asha ndiye atakayekuwa mama, mkulima au mhasibu atakayejiuliza maswali hayo kabla ya kutuma pesa, kumeza dawa au kutia saini mkataba.

Basi, ndugu yangu, tuanze leo. Dakika kumi zinatosha, kabla taa haijazimwa. Mpe mtoto ile hadithi fupi ya Asha. Mkifika penye mvua, usimtajie jibu. Muulize, kisha nyamaza, umpe muda aione mwenyewe.