Chuo cha Kwanza na Chuo cha Pili



Shukrani zote njema zamstahiki Allah (S.W.T.), aliyeinyanyua daraja ya elimu na ya wenye kuitafuta. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu waumini, mama zetu na dada zetu, safu yetu ya wiki hii twaielekeza kwa nyumba zilizo na kijana katika chuo kikuu au chuo cha ufundi, na kwa kijana mwenyewe. Katika darsa zetu, na hata barazani baada ya sala, swali moja limekuwa likiturudia. Mzazi husema, "Sheikh, mtoto wangu alikuwa hodari shuleni, lakini tangu aingie chuoni amelegea." Naye kijana, akiulizwa kwa upole, hujibu, "Kusoma nataka, lakini sina hamu. Nikifungua kitabu moyo wakataa."

Wazee wetu wa mwambao walipotamka neno chuo hawakukusudia jumba la ghorofa lenye wahadhiri. Chuo kwao kilikuwa kitabu, na kilikuwa pia mahali pa kusomea Qur'ani, ndipo aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Basi kijana wetu wa leo ana vyuo viwili. Cha kwanza alikiingia na juzuu yake angali mtoto mdogo, akaketi mkekani. Cha pili amekiingia kwa karo na kitambulisho. Tuonavyo sisi, wengi wanaotaabika katika chuo cha pili waliziacha nyuma adabu za kusoma walizofunzwa katika cha kwanza.

Na vyuo hivi viwili havikuwa mbalimbali hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kina mizizi yake katika MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Waliotutangulia hawakuona kwamba elimu ya mashine na hesabu yaweza kumtoa mtu katika adabu ya mkekani.

Hamu huifuata kazi

Kijana hungoja hamu imjie ndipo afungue kitabu. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Katika chuo cha kwanza hakuna aliyemuuliza kama ana hamu. Wakati ulifika, akavaa, akaenda, akaketi, akasoma. Siku nyengine alikwenda kwa furaha, siku nyengine kwa machozi. Siku alipohitimu, jamaa wakakusanyika, khitima ikasomwa, na moyo wake ukajaa. Furaha ile ilikuwa tunda la safari, na tunda haliji kabla ya mti.

Ibada zetu zatufunza hayo hayo. Adhana ya alfajiri haingoji moyo wa mtu uchangamke. Anayefunga Ramadhani haulizwi usiku kama anaitamani njaa ya kesho; hunuia, hula daku, na likifika kumi la pili mwili umekwisha kuzoea. Wahenga walisema, kawaida ni kama sheria.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliwafuata watu 96 waliotaka kujijengea mazoea mapya. Waliona kwamba kwa wastani zoea hukaa baada ya siku 66, ingawa wako waliohitaji siku 18 tu na wengine walikadiriwa kuhitaji hata 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi, maadamu mtu alirejea. Basi kijana aliyejaribu wiki moja akachoka, asiseme kwamba yeye hakuumbwa kwa kusoma. Hajafika bado.

Bi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) mafundisho kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa chache. Dakika arubaini kila siku ni bora kuliko mkesha mmoja wa kabla ya mtihani. Bandu bandu huisha gogo.

Wakati mmoja, mahali pamoja

Mwenye kutaka zoea alifunge kwenye jambo ambalo tayari halimpiti. Sisi Waislamu tumeneemeshwa kwa nyakati tano zilizokwisha kupangwa. Kijana asiseme, "Leo nitasoma nikipata nafasi," kwani nafasi haipatikani. Aseme, "Baada ya alfajiri, kabla ya chai, nitaketi hapa na somo hili." Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika mapambazuko, na mpokezi wa hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi (R.A.), alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akituma bidhaa zake mapema asubuhi, na mali yake ikakua.

Lakini hakuna alfajiri kwa asiyelala. Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Tuyatazame mazungumzo ya vijana wetu leo. Hayapo tena barazani, yamo kitandani, ndani ya simu, hadi saa saba za usiku. Twawashauri wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, simu ilale chumba chengine, na wakati wa kusoma ikae mbali na mkono. Aliyepanga chumba na wenziwe wanne hana chumba chengine. Huyo na aizime aitie ndani ya mkoba, au akasomee maktaba, au abaki msikitini baada ya sala.

Kusikilizwa bila kitabu

Sasa twaingia katika jambo ambalo wengi hulikosa. Mwanafunzi wa chuo cha pili husoma karatasi zake mara tatu, nne, akapitisha wino wa rangi juu ya mistari, akajiona amejua. Mtoto wa chuo cha kwanza hakuachwa na dhana hiyo. Alikwenda mbele ya mwalimu, akafunga juzuu, akasikilizwa. Akikwama, alirudishwa.

Yasimuliwa kwamba Imamu al-Ghazali (Mola amrehemu), aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, alipokuwa kijana alisafiri hadi Jurjan kutafuta elimu. Njiani akirejea Tus, wanyang'anyi waliuvamia msafara na kuchukua kila alichokuwa nacho. Akamfuata mkuu wao, akamsihi amrudishie daftari zake tu, kwani ndimo ilimokuwa elimu aliyoihangaikia. Yule mnyang'anyi akacheka, akamuuliza vipi adai kuijua elimu ambayo mtu akimpokonya hubaki hana kitu. Akarudishiwa daftari. Ghazali alipofika kwao alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, ili asipokonywe tena.

Na tujiulize, kijana wetu simu yake ikiibwa leo kwenye matatu, elimu yake itabaki kiasi gani?

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara ya pili. Kundi la pili liliifunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini baada ya wiki moja waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na wale waliofunika kitabu asilimia 56. Kusoma tena kwa macho humfurahisha mtu leo. Kujitahini ndiko kunakomfaa siku ya mtihani.

Kwa hivyo mwanafunzi akimaliza somo, afunge daftari, achukue karatasi nyeupe, aandike aliyoyafahamu. Kisha afungue, aone alipokwama. Ama amkalishe mwenzake, au hata mama yake jikoni, amweleze somo kwa Kiswahili chepesi. Asichoweza kumweleza mamake, aelewe kwamba bado hajakijua.

Kudurusu

Imamu az-Zarnuji, aliyeandika Ta'lim al-Muta'allim yapata miaka 800 iliyopita, aliwapangia wanafunzi hesabu ya kurudia. Somo la jana lirudiwe mara 5, la juzi mara 4, la siku iliyotangulia hiyo mara 3, la kabla yake mara 2, na la kabla ya hilo mara 1. Kila siku mwanafunzi anakutana na la jana, na bado hajaliaga la juzi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijitahini nafsi yake, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: mengi ya tunayojifunza hutupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na kurudia kwa kuachanisha siku huhifadhi zaidi kuliko kurudia kwa mkupuo.

Si lazima kijana afuate idadi ile ile. Atosheke na kanuni yake: somo la leo lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Huko ndiko kudurusu, na neno hilo alilisikia mkekani kabla hajalisikia jina la mtaalamu yeyote.

Neno kwa wazazi

Mama mmoja alitujia na huzuni. Alikuwa ameuza bangili zake za dhahabu ili akamilishe karo ya bintiye, na sasa binti ameanguka masomo matatu. Alitaka tumkanye. Tulimuomba kwanza atusimulie siku ya binti yake ilivyo. Huamka kabla ya alfajiri kusaidia mahamri ya kuuza, huwatayarisha wadogo zake, hupanda matatu kwenda chuoni. Akirudi alasiri hukuta vyombo, nguo na chakula cha usiku. Ikitimia saa nne za usiku ndipo aketi na kitabu, na kitabu humlalia kifuani. Kaka yake naye yu chuoni. Yeye akila hutoka.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe dhahabu nilitoa, wakati sikutoa."

Nyumba ile iligawanya kazi upya. Vyombo vikawa vya kaka, na baina ya alasiri na magharibi binti haitwi. Mitihani ya marudio ilipofika alipita miwili, mmoja anaurudia. Tunasimulia haya kwa idhini ya mama, kwa kuwa nyumba za namna hii ni nyingi. Na asiyependa kijana wa kiume aoshe sahani, akumbuke kwamba Bi Aisha (R.A.) alieleza jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Imamu wetu Shafi'i (Mola amridhie), ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika mwambao huu, alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akabaki yatima. Mama yake hakuwa na mali. Alimchukua angali mdogo hadi Makka, karibu na jamaa zake na wanavyuoni, na mtoto akaandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Mama yule hakumpa mwanawe dhahabu. Alimpa mahali na wakati.

Pia tuwe waangalifu na ulimi. Kijana akirejea nyumbani, tusianze na "Umepata ngapi?" Tuanze na "Umejifunza nini?" Swali la kwanza humfunza kuficha, la pili humfunza kudurusu.

Na si kila kukosa hamu ni uvivu. Kijana akiacha kula, akiacha usingizi au akilala mchana kutwa, akijitenga na watu, akisema maisha hayana maana, hilo si la kukemewa. Apelekwe kwa tabibu au kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake, huku tukimuombea. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya dini yetu.

Ewe kijana wetu, usingoje Jumatatu wala muhula mpya. Kesho, ukishatoa salamu ya alfajiri, kaa papo hapo ulipo. Fungua somo moja, lisome, lifunge, jisikilize. Kesho kutwa fanya vivyo hivyo. Nia yako iwe kwa Allah, na kwa manufaa ya watu wako, kwani mji huu wahitaji wauguzi, wahandisi na walimu waliosoma wakafahamu.

Twamuomba Allah (S.W.T.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi wetu subira na furaha ya kuyaona matunda ya jasho lao, na atujaalie sote kudumu katika kheri hata ikiwa chache. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.