Waacheni Wakafie Kwao

Huku Malindi na Kilifi, ukitaka kuyazima mazungumzo juu ya mfungwa mzee, taja tu kosa lililompeleka ndani. Ikishasemwa kwamba alimnajisi mtoto, au alimkata jirani panga kwa ugomvi wa shamba, hakuna atakayeuliza tena kama bado anaona, kama anatembea, au kama figo zake zinafanya kazi. Jawabu ni moja: aozee huko huko. Na tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili ya waumini walioshawishiwa kufunga hadi kufa katika msitu wa Shakahola mpaka hesabu ikapita 400, jawabu hilo limezidi kukaza. Watu walioyaona makaburi yale hawahitaji mtu wa kuja kuwafunza huruma.

Nami siji na huruma. Nakuja na hoja hizo hizo za wanaotaka afie ndani, maana nyingi nikizitazama naona hazifiki mahali zinapodai kufika.

Ya kwanza husemwa kwa sauti ya mwisho: mahakama ilisema maisha, basi ni maisha. Lakini wengi wanaozeekea katika magereza yetu hawakuambiwa hivyo na mahakama. Walihukumiwa kunyongwa. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na waliokuwa wakingoja kitanzi waligeuziwa hukumu kwa mafungu: Rais Kibaki aliwageuzia zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Rais Kenyatta akawageuzia 2,747 Oktoba 2016. Wote wakawa wa maisha. Hapo ndipo Sheria ya Magereza inapowafungia mlango. Kifungu cha 46 kinampa mfungwa mwenye mwenendo mwema ondoleo la thuluthi ya kifungo chake, ila hakimgusi aliyefungwa maisha. Mwizi ana siku za kuhesabu. Huyu hana, hata akikaa miaka 30 bila kosa moja.

Majaji wenyewe wameliona pengo hilo. Katika uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipendekeza kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge watunge sheria ya kueleza kifungo cha maisha ni kitu gani. Haikutungwa. Julai 2023 ikawa zamu ya Mahakama ya Rufaa iliyokaa hapa hapa Malindi: ilisema kifungo kisicho na mwisho kinakiuka Katiba, ikampa mrufani, aliyekuwa amepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto mdogo, miaka 40 badala ya maisha. Mji mzima haukufurahi. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo na kurudisha maisha, ikisema kazi ya kupanga adhabu ni ya Bunge. Wanasheria watanivumilia kwa kufupisha, lakini jambo limebaki palepale: tunaulinda kwa wivu mkubwa mpaka ambao waliopaswa kuuchora hawajauchora.

Tena hata hiyo miaka 40 isingemaliza neno. Kijana wa miaka 25 akipewa 40 na kuondolewa thuluthi, atatoka akiwa na nguvu za kulima. Aliyefungwa akiwa na 58, kwa hesabu ile ile, atatoka akikaribia 85, ikiwa atatoka. Adhabu moja imekuwa mbili, na hakuna hakimu aliyeamua iwe hivyo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka umri peke yake ufungue lango. Katiba yetu humhesabu mtu kuwa mzee akipita 60. Jaji hustaafu akiwa 70. Raila Odinga aliwania urais mwaka 2022 akiwa na 77, na hakuna aliyemwona dhaifu kwenye jukwaa. Zaidi ya hayo, wazee wengi wa bara la kaunti yetu walipewa mwaka wa kuzaliwa na karani aliyewatazama usoni siku ya kuandikisha kitambulisho. Kinachofaa kupimwa ni hali ya mwili na akili: anaweza kujilisha? Anajua yuko wapi, na kwa nini? Mtu aliyesahau kosa lake kwa ugonjwa wa akili wa uzeeni haadhibiwi tena kwa maana yoyote ya neno hilo, anahifadhiwa tu.

Hoja ya pili ni ya usalama, na hapa wapinzani wangu wana haki kuliko wanavyodhaniwa na watetezi wa wafungwa. Mzee asiyeweza kuvamia benki anaweza kumdhuru mtoto aliye chumba kimoja naye. Uzee hauondoi hilo. Lakini Ibara ya 133 ya Katiba haikumpa Rais msamaha wa aina moja. Kuna msamaha wa moja kwa moja na kuna wa masharti. Masharti yanaweza kuwa: asilale nyumba yenye watoto, asitoke eneo la chifu wake, aonekane na afisa wa probesheni kila mwezi, na akivunja, arudishwe. Maafisa wa probesheni tayari huenda vijijini kuandika ripoti za washtakiwa kabla ya hukumu. Wanazijua njia za Ganze na Magarini.

Hoja ya tatu husemwa kwa upole: bora abaki, ndani anatibiwa na kulishwa bure. Anayesema hivi hajafikiria zahanati ya gereza ina nini. Ugonjwa ukizidi, mfungwa hupelekwa hospitali ya serikali akiwa na askari jela wa kumlinda mchana na usiku, na pingu inaweza kumfuata mpaka kitandani. Akirudishwa selini, wa kumwogesha na kumgeuza ni mfungwa mwenzake, ambaye hakufunzwa kazi hiyo wala halipwi. Saratani mara nyingi hutibiwa Mombasa. Kila safari inataka gari, mafuta na askari, na gari likikosekana miadi inapita. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile cha raia wa nje. Kwa mgonjwa mahututi njia ya kulitimiza hilo ni kumtoa.

Atoke aende wapi? Hili ndilo swali gumu la Kilifi, na linaniumiza kuliko mengine. Katika kaunti hii mvi zimekuwa ushahidi. Wazee hushutumiwa uchawi na kuuawa, mara nyingi na vijana wa ukoo wao, na nyuma ya shutuma kuna shamba. Huko Ganze ipo Kaya Godoma, mahali wazee waliokimbia kuuawa wamepata hifadhi, watu wasio na kesi yoyote mahakamani. Ikiwa mzee asiye na hatia hawezi kulala kwake, aliyetoka jela na damu ya mtu atalalaje? Nakiri kwamba kwa baadhi yao ukuta wa gereza ni salama kuliko boma. Ila tuone tunachokisema: tunataka gereza lifanye kazi ya nyumba ya wazee kwa sababu kijiji kimeshindwa. Hiyo ni sababu ya kumtafutia mzee mahali kabla hajatolewa, na ya kumnyima ruhusa pale mahali palipokosekana. Haiwezi kuwa sababu ya kuwafungia wote.

Kwa kuwa tunapenda kumtaja Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, na tumtaje vizuri. Alikuwa mama mtu mzima Waingereza walipomkamata mwaka 1913 na kumpeleka Mumias pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Akakamatwa tena, akapelekwa Kismayu. Mwaka 1919 alikuwa amesharudi kwao, na kaburi lake liko Bungale. Hakuwa mhalifu, najua, na simfananishi na aliyenajisi mtoto. Nasema tu kwamba serikali iliyolipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti ilifika mahali ikamwacha mama yule azeekee kwao.

Nimeacha mwisho hoja yenye uzito kuliko zote: aliyeumizwa. Hapa hasira ya watu ina msingi, lakini naona inapiga pasipo. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli wa Tanzania alisamehe wafungwa 8,157, wengi kwa kupunguziwa vifungo. Miongoni mwa walioachiwa kabisa walikuwamo mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliofungwa maisha kwa kubaka watoto wa shule. Kulikuwa na shangwe, na kulikuwa na walioachwa midomo wazi. Fikiria mzazi wa mmoja wa watoto wale akilisikia jina redioni siku ya sikukuu. Kwamba wale wawili hawakutolewa kwa uzee wala ugonjwa haipunguzi funzo lake: msamaha ulishuka kutoka juu kama zawadi, na zawadi haina haja ya kujieleza.

Wengine watanitajia Abdelbaset al-Megrahi, aliyefungwa kwa kulipua ndege juu ya Lockerbie. Scotland ilimtoa Agosti 2009 kwa saratani, ikikadiriwa kwamba alikuwa na kama miezi 3 ya kuishi. Akafa Mei 2012. Madaktari walikosea, ndiyo. Kilichowachoma zaidi jamaa wa waliokufa ni mapokezi aliyofanyiwa Tripoli kama shujaa, na hilo sharti moja lililosimamiwa lingeweza kulizuia.

Kwetu, Ibara ya 133 inasema Kamati ya Ushauri juu ya msamaha wa Rais inaweza kuzingatia maoni ya walioathiriwa na kosa. Inaweza, hailazimiki. Wagiriama wa zamani wangeshangaa. Kore, malipo ya damu, yalikutanisha ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa uso kwa uso, na bila wa pili hakukuwa na la kumalizwa. Sheria ninayoitaka ni fupi. Daktari wa gereza aandike hali ya mgonjwa, jalada lipelekwe kwa jaji wa Mahakama Kuu ya Malindi badala ya kungoja Nairobi, afisa wa probesheni aende kijijini, na mwendesha mashtaka asikilizwe. Na barua ya kwanza ipelekwe kwa mama wa mtoto aliyeumizwa, kabla jamaa za mfungwa hawajaitwa. Akikataa, akatae mbele ya jaji, na jaji, akimkubalia au akimpinga, aandike kwa nini.