Utabiri wa mvua tunao, wa moshi je?

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miezi kumi na minne akiwa amebanwa kifua, mara ya tatu ndani ya msimu mmoja wa mvua. Nikamwuliza swali nililolizoea: nyumbani kuna anayevuta sigara? "Hakuna, daktari," akajibu. "Ila mvua ikinyesha jiko la mkaa naliingiza ndani." Kwa miaka mingi nimeuliza habari za sigara. Habari za jiko nilikuwa siziulizi, nakiri kwa aibu.

Nitarudi kwa mtoto huyo, lakini nianzie mawinguni. Shuleni tulifundishwa kwamba mvuke ukipanda na kupoa hugeuka wingu. Kuna jambo lililoachwa hapo. Mvuke huhitaji kitu cha kushikamana nacho: chembe ya chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari, vumbi, au moshi. Miaka ya 1880, Mskoti John Aitken aliingiza mvuke katika vyombo viwili, kimoja chenye hewa iliyochujwa kwa pamba na kingine chenye hewa ya kawaida. Cha kwanza kilibaki angavu, cha pili kikajaa ukungu. Baadaye akatengeneza kifaa cha kuhesabu chembe hizo. Usidhani basi kwamba moshi mwingi ni mvua nyingi. Chembe zikizidi, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi madogo mno, nayo huchelewa kuungana yakawa mvua.

Sasa, njia zetu za hewa zina unyevu kama wingu, na chembe nyingi zinazovuta maji angani huvuta maji na kukua humo pia. Tunazoziogopa zaidi ni zile zisizozidi sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, yaani maikromita 2.5; unywele wa kichwani ni mnene mara 20 au zaidi. Vumbi unaloliona likicheza kwenye mwanga wa jua dirishani ni kubwa, na pua hunasa sehemu yake kubwa. Zile usizoziona hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huweza kupenya hadi kwenye damu. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu juu ya London kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo 4,000 hivi. Watafiti wa baadaye wamefikisha hadi 12,000.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka. Ndani ya nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi wa kupikia unaweza kuzidi kiwango salama mara mia. Shirika hilo linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto chini ya miaka mitano.

Kila jioni tunasomewa kama kesho kutanyesha. Hewa ambayo mtoto atavuta darasani kando ya barabara kuu, nani anatusomea? Siku hizi kuna vipimo vidogo vinavyomulika hewa na kupima mwanga unaotawanywa na chembe. Vina udhaifu: kwenye unyevunyevu kama wa Pwani, chembe hunywa maji zikavimba, kipimo kikasoma zaidi ya ukweli. Kwa hiyo lazima vilinganishwe na mitambo mikubwa na kusahihishwa. Lakini hata kipimajoto cha kwapani husoma pungufu, na hatujakitupa. Mimi ningeanzia shule za msingi na wodi za watoto.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila tukihesabu mitungi ya gesi tu tutajidanganya, maana nyumba nyingi mtungi upo na maharage bado yanachemka kwenye mkaa.

Wewe mzazi usisubiri kipimo. Pikia nje au barazani, mtoto akae mbali. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe. Hewa yake ya sumu huua hata pasipo moshi. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma navyo ni moshi, hata vikinukia. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje hata kuhesabu. Na daktari asipokuuliza habari za jiko, mwambie.

Mama yule amehamishia jiko barazani, chini ya bati alilolipigilia mumewe. Mtoto anarudi kliniki Jumanne.