Kigoda cha babu kina bei gani?

Matanga hayajaanuliwa, dalali ameshabisha hodi Sokon I: kigoda na mkuki wa marehemu, hela leo leo. Kijana anawaza ada ya mtoto, shangazi hataki kusikia. Presha ya mama inapanda.

Familia isiharakishe. Kwanza, kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama. Pili, vitu vipigwe picha, visisuguliwe wala kupakwa rangi, historia yake iandikwe, bei iulizwe kwa wanunuzi watatu. Tatu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda baadhi ya vitu vya asili. Idara ya Mambo ya Kale iulizwe kabla ya kuuza. Hela zigawanywe mbele ya wote, mama akiwepo.