Hofu ya Kiti cha Daktari wa Meno ni Suala la Lugha Pia

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyaachia masuala ya afya wenzetu wa sayansi. Tunapoyagusa, aghalabu huwa tunayagusa kupitia kazi za fasihi ambazo zimekwisha kutuandalia njia. UKIMWI umepata waandishi wake; riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, iliyotoka mwaka 2004, ni mfano mmoja tu. Jino halijabahatika hivyo. Likitajwa katika masimulizi yetu, aghalabu hutajwa kwa mzaha: babu kibogoyo anayeshindwa na muwa, bwana harusi mwenye pengo, mgonjwa anayeruka dirishani akiona koleo. Tunacheka, kisha tunaendelea na mengine. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba kicheko hicho kimetugharimu, na kwamba hofu ya daktari wa meno ni tatizo la kweli, lenye tiba, ambalo sehemu yake moja imo mikononi mwetu sisi wanalugha.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kubishaniwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na wengi wao hawaishi katika nchi tajiri. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 34.3 ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 23.9 ya watoto. Hizi ni namba za watu ambao wengi wao wangeweza kuzibwa jino mapema, lau wangefika mapema.

Kwa nini hawafiki? Katika kaunti ya Taita Taveta jibu la kwanza utakalopewa ni umbali na pesa, na jibu hilo ni la haki. Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iko Voi. Mtu wa Taveta ana safari ya takriban kilomita 110 kuifikia. Mtu wa Kasighau au wa vijiji vya juu huko Mgange hana budi kupanga siku nzima, na mkulima hapotezi siku nzima kwa ajili ya jino ambalo leo limenyamaza. Lakini mimi nimewaona watu wanaoishi Voi kwenyewe, wakaazi wa Sofia na Birikani, ambao wanaweza kutembea kwa miguu hadi kwa tabibu wa meno na kurudi kabla chai haijapoa, nao pia hawaendi. Hawa hawazuiwi na barabara. Hofu ni stadi wa kuvaa kanzu ya umaskini. Ukimwuliza mwenye jino atakwambia hana pesa, na siku mbili baadaye utamkuta duka la dawa akinunua vidonge vya maumivu kwa mara ya ishirini.

Tuna tiba zetu za nyumbani, na sizidharau. Karafuu inayobanwa juu ya jino bovu hutuliza kwelikweli, kwa kuwa mafuta yake yana eugenoli, kemikali ambayo madaktari wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Mkarafuu wa Pemba na kabati la daktari, kumbe, si wageni kwa kila mmoja. Mti wa mswaki nao umejaa nyika ya Tsavo, na wazee wetu waliutumia kabla ya dawa ya meno kuuzwa dukani. Taabu ni kwamba karafuu hunyamazisha tu, haizibi tundu. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta sijapata kuiona ikisadifu mahali popote kama katika gego lenye tundu dogo.

Tazama sasa jinsi hofu inavyojilisha yenyewe. Mwaka 1984, Msweden Ulf Berggren alieleza kwamba mwenye hofu hukwepa matibabu, kwa kukwepa meno yake huharibika, kwa kuharibika hupata aibu, na aibu hiyo humzidishia sababu ya kukwepa. Juu ya mduara huo kuna jambo la kibayolojia ambalo laiti lingefundishwa kila shule. Jino likiachwa hadi likafanya jipu, mahali penye usaha huwa na asidi nyingi, na dawa ya ganzi haifanyi kazi vizuri katika asidi. Hivyo basi, anayechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye ambaye anakabiliwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuyapata. Akitoka humo ana ushahidi, na ushahidi huo anauhadithia. Methali husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika suala la meno, nathubutu kusema methali hiyo imegeuka juu chini.

Na hapa ndipo masimulizi yanapoingia. Hadithi nyingi tunazorithishana kuhusu kung'olewa jino zina umri mkubwa kuliko ganzi yenyewe. Dawa ya kwanza ya ganzi ya sindano iliyofaa kwa meno, prokaini, ilitengenezwa na Mjerumani Alfred Einhorn mwanzoni mwa karne ya 20. Ile inayotumika sana leo, lidokaini, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Thomas Mann alipomfanya Seneta Thomas Buddenbrook aanguke barabarani baada ya kutoka kwa daktari wa meno aliyejaribu kumng'oa jino, katika riwaya ya Buddenbrooks ya mwaka 1901, alikuwa akiandika juu ya ulimwengu ambao haukuwa na dawa hizo. Ulimwengu huo umepita, lakini masimulizi yake bado yanatembea Voi, yakipanda matatu kwenda Mwatate na Wundanyi.

Shangazi yangu mmoja alikaa miaka kumi na minne bila kumwona daktari wa meno. Alipokuwa msichana aling'olewa gego katika zahanati fulani kabla ganzi haijashika, huku akishikwa mabega na watu wawili. Tangu hapo alijifunza kutafuna kwa upande mmoja. Nyama akaiacha polepole bila kusema ameiacha. Akawa mtu wa kimanga na uji, na sisi watoto tukidhani ni mapenzi yake tu. Alipocheka alifunika mdomo kwa kanga. Mwaka juzi upande ule mzuri nao ukaanza kuuma.

Aliyemtibu hakufanya muujiza wowote. Siku ya kwanza hakumkalisha kwenye kile kiti kirefu kabisa. Walikaa kwenye viti vya kawaida, akamwuliza ni nini hasa anachokiogopa: sindano, mlio wa mashine, kukosa pumzi, au kufokewa kwa jinsi meno yake yalivyo? Shangazi akasema ni hilo la mwisho na la kwanza. Akatazamwa kwa kioo kidogo, akarudi nyumbani. Mara ya pili aliambiwa ale kwanza, afike asubuhi ili asishinde na hofu kutwa nzima, na akapewa ishara: akiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Aliinua mara tatu. Mara mbili, alinikiri baadaye, alikuwa anajaribu tu kama kweli mtu yule angesimama. Alisimama. Jino moja likazibwa siku hiyo, na jingine, ambalo halikuwa la kuokolewa, likang'olewa wiki iliyofuata.

Mbinu hizi zinajulikana. Kuanza kwa hatua ndogo, kueleza kabla ya kuonyesha na kuonyesha kabla ya kutenda, kumpa mgonjwa uwezo wa kusimamisha shughuli: yote yamo katika mafunzo ya utabibu wa meno. Lililonigusa mimi mwanafunzi wa lugha ni sentensi moja. Kabla ya kung'oa, tabibu alimwambia: "Mama, utasikia ninasukuma, tena kwa nguvu. Kusukumwa utakusikia, kuuma hutakusikia."

Msomaji, hebu lipime neno hilo kusikia. Katika Kiswahili sikio husikia, na mwili pia husikia: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Ganzi nayo huondoa maumivu lakini kwa kawaida haiondoi hisia ya kubanwa na kusukumwa. Daktari akiuliza "Unasikia?", mgonjwa aliyebanwa bila kuumia atajibu kwa haki kabisa "Nasikia". Daktari atadhani ganzi haijashika na kuongeza sindano nyingine. Au, akiwa na pupa, atadhani huyu ni wale wa kulia bure, na siku nyingine atakayeumia kweli hataaminiwa. Utata huu wa kisemantiki, ambao darasani tungeutolea mifano miwili na kuupita, kwenye kiti kile una damu ndani yake. Yule tabibu aliutatua kwa kutenganisha vitenzi viwili. Hakufundishwa na sisi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Tazama pia vitenzi vingine vya chumba hicho jinsi wagonjwa wanavyovitumia: kudungwa, kutobolewa, kuchimbwa, kung'olewa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa, na vyote mtendwa ni mtu aliyelala chali mdomo wazi. Hata kazi ya daktari mwenyewe tumeipa jina moja: kwa watu wengi, kwenda kwa daktari wa meno na kwenda kung'oa ni kitu kimoja. Kuziba, kusafisha, kutazamwa tu, havina nafasi katika mazungumzo ya kituo cha mabasi. Sisemi kwamba tukibadili vitenzi meno yatapona. Nasema mtu hawezi kuomba huduma asiyokuwa na neno lake.

Kuna kazi mahususi ambayo chama chetu kingeweza kuifanya. Mwaka 1969 Mmarekani Norman Corah alitunga maswali manne ya kupima hofu ya matibabu ya meno; mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wakayarekebisha na kuongeza swali la tano, kuhusu sindano ya ganzi. Mgonjwa huulizwa angejisikiaje kama angekwenda kutibiwa kesho, anapokaa akisubiri zamu, anapokaribia kuchimbwa jino, kusafishwa na kudungwa sindano. Kila jibu lina alama kuanzia 1 hadi 5, na jumla ya 19 au zaidi huashiria hofu kali. Maswali haya huchukua dakika chache, na humwezesha tabibu kujua ni nani wa kuanza naye kwenye kiti cha kawaida.

Toleo linalofaa Voi halitapatikana kwa kutafsiri neno kwa neno. Tutaliita nini jambo hili tunalolipima? Woga haufai, kwa sababu woga kwetu ni tabia. Mwoga ni mtu wa namna fulani, na hakuna baba wa watu atakayeweka alama kwenye woga mbele ya karani. Hofu ni bora, ingawa ni nzito na hudai kitu cha kuhofiwa. Wasiwasi ni neno jepesi linaloenea, lakini pwani lina harufu ya minong'ono ya shetani, na katika mazungumzo ya kila siku huweza kuwa shaka tu. Jakamoyo ni neno zuri mno, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maana. Ila liulize sokoni Voi uone ni wangapi walilijua nje ya karatasi ya mtihani. Halafu kuna ngazi tano. Kati ya "kidogo" na "sana" Kiswahili chetu kina "kiasi", ambalo kwa mmoja ni kidogo na kwa mwingine ni kingi.

Wapo watakaosema wagonjwa wa Taita waulizwe kwa Kidawida au Kisaghala. Nakubali kwa wazee wa milimani, na toleo hilo nalo litengenezwe. Lakini Voi ni mji wa reli na barabara kuu. Kwenye benchi moja la kusubiria utamkuta Mtaita, Mkamba, Mduruma, Msomali na Mjaluo, na lugha wanayolalamikia foleni ni Kiswahili.

Jambo la mwisho ni la mila, nalo nalitaja kwa sababu tumelisahau upesi mno. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti kwa Wataita miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza ibada ya kutasa: mtu hutia kinywaji mdomoni, hukitema kwa kukipuliza, na huku akitamka maneno ya kuitoa hasira iliyomo moyoni. Kinachonivutia hapo ni kwamba jambo la moyoni lilitamkwa kwa sauti, mbele ya watu, bila aibu, na kinywa ndicho kilichokuwa mlango wake. Shangazi yangu alikaa miaka kumi na minne na hofu ambayo hakuwahi kuitamka hata kwa ndugu zake. Aliitamka kwa mgeni, siku ambayo mgeni huyo alimwuliza kwa neno alilolielewa.

Likizo ndefu inakaribia, na miongoni mwetu wapo wanaotoka Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Maswali ni matano. Napendekeza tuyatafsiri wawili wawili, bila kuoneana, kisha tuyalinganishe na kuyapeleka kwa maafisa wa afya ya kinywa wayajaribu kwa idhini ya wagonjwa wao. Nitafurahi kupata wenzi, hasa yeyote mwenye hoja ya kulitetea neno jakamoyo.