Mkono Ukinyooshwa, Rudi Uonwe Tena

Wiki hii tuongee juu ya kifundo cha mkono, maana mvua ikinyesha vilima vya Masisi vinateleza sana. Mama anashuka kutoka shambani, mzigo wa mihogo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mguu unateleza, anajikinga na kiganja. Jioni mkono umevimba, umepinda kama mgongo wa uma. Kule Walikale wengine wanauvunja kwa kuanguka na pikipiki.

Wengi wetu tunakimbilia kwa mzee anayekanda. Hatumdharau, lakini vijiti vikikazwa sana damu haipiti, na mtu anaweza kupoteza vidole. Hata platre ya hopitali inaweza kubana. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vyeusi, rudi siku ile ile, hata kama ni usiku.

Hopitalini wanakutia dawa ya kuzuia maumivu, wanavuta mkono, mfupa unarudi mahali pake, wanafunga platre. Mama anamshukuru Mungu na kuanza kuhesabu wiki sita. Hapo ndipo tunapokosea. Mfupa uliopondeka, au uliovunjika mpaka ndani ya kiungo, au wa bibi ambaye mifupa yake imekuwa myepesi, unaweza kuhama tena ndani ya platre ile ile. Kwa nje hauoni kitu. Picha ya radio ndiyo inaonyesha: moja baada ya wiki ya kwanza, nyingine baada ya wiki ya pili. Ukihama mapema, daktari bado anaweza kuurudisha. Ukishaungana vibaya, itabidi kuukata upya, au mama abaki na mkono usioweza kukamua nguo.

Si kila mtu anahitaji upasuaji, tusiogopeshane. Uingereza walifuatilia watu 500, matokeo yakatoka mwaka 2022. Kati ya waliorudishwa mfupa na kufungwa platre peke yake, kama mmoja kwa wanane alipasuliwa ndani ya wiki sita kwa sababu mfupa ulihama.

Kupasuliwa kwenyewe ni kwa namna mbili hasa. Kuna vyuma vyembamba, vyembamba kuliko spoku ya baisikeli, vinavyopitishwa kwenye ngozi kushika mfupa, halafu platre juu yake. Na kuna bamba la chuma na skrubu, ambalo linataka kufungua mkono na linagharimu zaidi. Familia nyingine iko tayari kuuza mbuzi wote kwa ajili ya bamba. Ulizeni kwanza! Uchunguzi mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2014, kwa watu 461 ambao mfupa wao uliweza kurudishwa bila kufungua kiungo, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja mikono ya pande zote mbili ilifanya kazi sawa.

Kwa mivunjiko migumu kuna Goma, kwa mfano HEAL Africa, iliyoanzishwa na Dr Jo Lusi, daktari wa kupasua mifupa, pamoja na mke wake Lyn. Lakini njia ni ndefu, na mara nyingine imefungwa. Kwa hiyo tunaomba sanduku la MUSO, mama akivunjika, lihesabu tangu siku ya kwanza nauli ya kurudi kupiga picha ya pili na ya tatu. Na wiki hizo mbili, wengine wamchotee maji.