Mwalimu wa Kwaya Naye Aende Shule

Wachungaji wetu wa Bonde la Ruzizi huitwa semina mara kwa mara, Uvira, Bukavu, wengine hadi Bujumbura. Nauli hutoka kwenye sadaka na hakuna anayenung'unika. Mimi nafundisha kwaya hapa Lubarika. Nilipoomba nauli ya namna hiyo, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Mwalimu, si unajua kuimba tayari?"

Natamani mzee wangu asikie habari za Mlutheri mmoja wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20 na tayari mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt, aliomba ruhusa ya majuma manne akamsikilize Dieterich Buxtehude, bingwa wa kinanda huko Lübeck. Inasemekana alikwenda kwa miguu, kilomita zipatazo 400. Alikaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakuu wa kanisa walimkemea kwa kuchelewa, tena kwa kuingiza sauti ngeni katika nyimbo hadi waumini wakachanganyikiwa. Kosa la kuchelewa nalielewa; wanakwaya wa aina hiyo ninao. Hilo la pili linanichekesha, maana hata huku ukileta jambo jipya, Jumapili hiyohiyo unaambiwa unaharibu nyimbo.

Watu husema simu ipo, jifunze humo. Ndimo tunamojifunza, na matokeo yanasikika. Tunanakili wimbo wa Kinshasa au Dar es Salaam ulivyo, soprano wanapasua koo, besi wanabaki kuitikia tu. Simu haimfundishi mwalimu kushusha wimbo ufae koo za watu alionao. Wala asiyejua solfa hawezi kuandika alichotunga. Bonde hili lina nyimbo nzuri za Kifuliiru, lakini vita vimehamisha watu mara nyingi, na mtunzi akiondoka, sauti zake nne zinaondoka naye.

Tazama Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa chuo cha Kilutheri Makumira karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Uliwekwa kwenye noti, mmisionari Howard Olson akautafsiri, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Makumira siku hizi hufundisha muziki hadi shahada.

Sisi shahada si haja yetu. Walutheri huku ni wachache, Wapentekoste na Wakatoliki ni wengi, lakini do-re-mi haina dhehebu. Julai na Agosti madarasa ya shule ni matupu. Makanisa yachange nauli ya mwalimu mmoja wa noti kutoka Bukavu, akae nasi majuma mawili, kila kwaya ilete watu wawili, mmoja awe mama. Kitanda kitapatikana, na mchele wa kumlisha tunalima wenyewe.